Gari Lililokula Redio ya Shosho

Ipo siku moja ya likizo ya Agosti ambayo nikiikumbuka hata chai hunikwama kooni. Keti, mwanangu, nikuhadithie. Na usicheke nikikuita mwanangu. Nina miaka kumi na minane, niko kidato cha nne hapa Thika, na wewe umeingia kidato cha kwanza juzi ukiburuta sanduku linalokushinda uzito. Kwa hesabu ya shule hii mimi ni mzee kabisa, nimebakisha mkongojo tu. Wazee wa kweli husimulia makosa yao wakiwa wameshasahau nusu. La kwangu bado ni bichi.

Nilikuwa kidato cha pili. Unawajua wale wanafunzi ambao darasa likicheka mwalimu hana haja ya kugeuka kuuliza ni nani? Basi ni mimi. Likizo nilikaa Ruiru, upande wa Mwiki, kwa shosho, mama mzazi wa baba yangu. Nilipewa jina la marehemu mumewe, na kwa desturi yetu hiyo inanifanya mimi kuwa mume wake. "Mzee wangu, niletee maji." "Mzee wangu, umenawa miguu au unataka kulala na shamba kitandani?" Wapangaji wa ploti walicheka, nami nikajibu kama mwenye boma, mikono nyuma, tumbo mbele.

Likizo hiyo kichwani mwangu mlikuwa na kitu kimoja tu: gari la petroli la kuendeshwa kwa rimoti. Sisemi yale ya waya tuliyosukuma utotoni. Nasema gari lenye injini na moshi, ambalo wewe unasimama mlangoni na lenyewe linakwenda. Rafiki yangu Hamisi, tunayesoma naye, mjomba wake huuza vyuma kuukuu hapa Thika, ukielekea Kiandutu. Katika rundo lake tulichimbua injini ndogo ya pampu ya kupulizia kahawa dawa, ile ya kubebwa mgongoni, inayowashwa kwa kuvuta kamba. Magurudumu yalitoka kwenye kigari cha mtoto mchanga, fremu kwenye kitanda kilichovunjika. Rimoti tuliipata kwenye gari la kuchezea la mitumba, nayo ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba kile kidude cha kupokea amri ndani ya gari kilikuwa kimeungua. Tulikuwa na mdomo wa kuamuru, tukakosa sikio la kusikia.

"Maze, tunataka redio iliyokufa," Hamisi akasema. "Tuitoe transista na eriali, hii kitu itaamka."

"Iliyokufa iko," nikamjibu. "Kwetu."

Sasa nikueleze kuhusu redio hiyo, ndipo ujue nilishika nini. Shosho alikuwa na dada mmoja tu, aliyeolewa kule Ol Kalou kwenye baridi. Tangu Pasaka dada huyo alikuwa mgonjwa wa kitanda. Tangu usichana wao walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake ndiye atakuwa wa kwanza kumtupia udongo. Nawe unajua mambo yalivyo kwetu: simu ni ile ya kibandani pale posta, barua hufika siku inapojisikia, na habari ya msiba huja na redio, jioni, kwenye matangazo ya vifo ya Kikuyu. Fulani ameaga, mama wa fulani, dada wa fulani wa Ruiru, mazishi ni siku fulani. Kila jioni shosho alizima stovu ili isimfokee masikioni, akaketi na kuwasikiliza wafu wa watu wote mpaka wa mwisho. Akikosa jina la dadake, alisema, "Mungu ni mwema," kisha akawasha stovu tukapika.

Asubuhi hiyo shosho alikuwa ameenda kanisani kwa kikundi cha akina mama. Nikaishika redio, nikazungusha kitufe. Kimya. Nikaitikisa. Kimya.

"Imekata kamba," nikamwambia Hamisi.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Tangu lini maiti ikawa na mwenyewe?"

Tukacheka, tukaichukulia bisibisi. Wahenga walisema usimwone simba amenyeshewa ukadhani ni paka. Lakini wahenga hawakuwa pale, tulikuwa wawili tu na upumbavu wetu.

Hamisi alikuwa ameshang'oa eriali na nyaya mbili hivi nilipotoka kutafuta betri za kutia kwenye gari. Juu ya mabati ya choo nikaziona zimepangwa vizuri, zinaota jua. Shosho hufanya hivyo zikichoka. Huziweka juani kutwa, zikapata nguvu za kuongea jioni kadhaa tena. Ilikuwa Agosti, jua lenyewe la kubembelezwa, ndiyo maana zilikuwa bado juu.

Hapo nilijua, mwanangu. Sitaki kukudanganya. Redio haikuwa imekufa, ilikuwa imepumzishwa. Hamisi angeweza kuirudisha eriali, nasi tukaenda kutafuta maiti nyingine. Nilisimama nikiziangalia zile betri kama mtu anayesoma ilani ya kumkataza kupita. Kisha nikapanda juu ya ndoo, nikazichukua nazo.

Jioni shosho akauliza, "Mzee wangu, redio iko wapi?"

"Imelazwa, shosho. Nimeipeleka kwa fundi kule Thika. Iko wodi ya wanaume."

"Na mawe yake ya betri niliyoanika?"

"Mgonjwa huenda na blanketi lake."

Shosho alicheka mpaka akashika ubavu. Nikajiona mjanja kuliko sungura. Kesho yake akauliza, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Nikamwambia ameanza kunywa uji. Siku iliyofuata nikasema daktari anataka apumzike. Ikafika jioni akachukua leso yake, ati aende kusikiliza kwa Mama Wambui, mpangaji wa chumba cha mwisho.

"Wacha kujisumbua na hiyo miguu," nikamwambia. "Kesho anaruhusiwa kutoka."

Akaitua leso, akaketi. Kati ya maneno yote niliyowahi kusema kuchekesha watu, hayo ndiyo ninayoyasikia mpaka leo. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Gari liliwaka Jumamosi. Lo! Lilinguruma kama nyuki elfu ndani ya debe, likatoa moshi wa buluu, na nilipobonyeza kushoto likaenda kushoto. Watoto wa ploti nzima walitoka. Kuku wakahama. Kasoro ilikuwa moja tu: tulikuwa tumeunda kwenda, kusimama hatukukuunda. Lilisimama petroli ikiisha au likigonga ukuta wa choo. Lakini nani aliyejali? Watoto walikuwa wakiliimba jina langu, Hamisi akijitia kondakta, na mimi nimesimama kizingitini na rimoti mkononi kama waziri.

Petroli ilipoisha, wakati tunaongeza nyingine, mwanamume mmoja aliingia langoni amevaa koti zito la watu wa baridi, kofia mkononi. Nilimtambua. Alikuwa Kariuki, mtoto wa yule dada wa Ol Kalou. Shosho akatoka jikoni akijifuta mikono, na kabla hajamsalimu, Kariuki akamwita tata, kama sisi tunavyomwita dada wa mama, akasema:

"Tata, sisi tulikukosea nini?"

"Mlinikosea?"

"Tumemzika mama Alhamisi. Tulikutangaza kwa redio, tata. Jina lako likasomwa, na Ruiru ikatajwa. Mhubiri alipotaka kuanza, nilimwambia angoje, tata lazima yuko njiani. Tulingoja pale kaburini mpaka mvua ikatupata. Tukaita dada wa marehemu aje atupe udongo, na hakuna aliyetokea."

Shosho hakulia. Aliweka mkono ukutani. "Redio ilikuwa mgonjwa," akasema polepole. "Mzee wangu ameipeleka..." Macho yake yalikuwa yamefika kwenye gari, na kwenye gari yamekutana na eriali. Ncha yake ilivunjika zamani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiunga kwa kipande cha waya na kukizungushia uzi wa kufumia sweta. Hakuna eriali nyingine ya namna hiyo Kenya nzima.

"Kijana," akaniita. Hakusema mzee wangu. "Washa."

"Shosho, ngoja nikuele..."

"Washa nione."

Nikavuta kamba. Mara nyingine zote injini ile ilisumbua, lakini safari hii ilishika papo hapo. Gari likaanza kuzunguka uwanjani, na watoto wakapiga kelele za furaha, mpaka mmoja akauona uso wa Kariuki akanyamaza, na wenzake wakanyamaza mmoja mmoja kama taa zinazozimwa.

"Hebu zima hiyo kitu," Kariuki akasema.

"Haizimiki mpaka petroli iishe."

Basi tukasimama. Mtu amefiwa na mama, mwingine na dada, na mimi na rimoti, tukingoja petroli iishe. Lilipita mbele ya miguu ya shosho, likaenda, likarudi, eriali ikipepea. Nilitamani niligongeshe ukuta, lakini vidole vilikataa. Hamisi alikuwa ameinamisha kichwa akiusoma mchanga. Sijapata kuona petroli inayodumu kama ile.

Likakohoa, likazima. Shosho akanigeukia.

"Inakusikia ukiwa mbali?"

"Ndio, shosho."

"Hata kukiwa na ukuta katikati?"

"Hata kukiwa na ukuta."

Akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa somo. "Basi yenyewe ilikuwa inasikia," akasema. "Mimi niliitwa kwa jina langu, mbele ya watu, na sikusikia."

Akaingia ndani. Husemwa kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwa shosho yangu hakuja baadaye. Alikuwa amesimama uwanjani, ana petroli kwenye suruali.

Siku iliyofuata tulikwenda Ol Kalou, mimi nikibeba mkoba wake. Moyoni nilitumaini atanisemea, maana kazi ya shosho ni kumsemea mjukuu. Tulipoketi jikoni kwa wafiwa, na watu wamejaa mpaka mlangoni, alisema tu, "Huyu ana neno," kisha akafunga mdomo wake. Mwanangu, nimesimama mbele ya gwaride la shule nikamwiga mwalimu mkuu naye akiwa nyuma yangu, na sikutetemeka. Siku hiyo ulimi ulikuwa mzito kama kiatu kilicholowa. Nikayasema yote: redio, betri, wodi ya wanaume, uji. Yale maneno yaliyomchekesha shosho, nilipoyarudia pale, yalinuka.

Mume wa marehemu, mzee mrefu aliyejifunika blanketi, akanigeukia.

"Kwa hivyo iliponyamaza ukadhani imekufa," akasema.

"Ndio, guka," nikamjibu babu huyo.

"Sisi wazee pia tunanyamaza sana siku hizi. Usije ukatufungua na bisibisi."

Hakuna aliyecheka. Akawaambia, "Mpeni chai kijana, ametoka mbali." Nikapewa kikombe kilichojaa na kipande kikubwa cha mkate kuliko cha mtu mwingine yeyote. Heri wangenichapa.

Kaburini shosho aliinama kuchota udongo. Mvua ilikuwa imeupiga, jua likaukausha, ukawa donge gumu. Alilisugua katikati ya viganja, akilisaga taratibu mpaka likawa laini, ndipo akalitupa. Alichukua muda mrefu. Akaniambia nami nitupe. Nikatupa.

Tuliporudi, mimi na Hamisi tulilivunja gari na kujaribu kuirudisha redio kama ilivyokuwa. Ilitoa mvumo tu, kama mtu anayetaka kusema akakosa neno. Ikabidi shosho awe anakwenda kusikiliza kwa Mama Wambui, nami nikamshika mkono kwenda na kurudi, ingawa sasa hakuwa na ndugu mwingine wa kungojea jina lake. Likizo hiyo yote aliniita kijana. Desemba, siku moja, akaropoka, "Mzee wangu, funga mlango, kuna upepo." Nilifunga mlango, nikaenda nyuma ya choo nikalia kama mtoto wa chekechea. Ukimwambia mtu, nitakana.

Sasa sikiza neno langu. Sikukatazi kuunda. Unda gari, unda ndege ukitaka, Mungu hakutupa mikono ya kushikia vijiko tu. Lakini kabla ya kukiita kitu skrepu, mtafute mwenyewe umuulize, hata kama jibu unalijua, na hasa kama unaliogopa. Kitu kikinyamaza, uliza kimenyamaza kwa nini. Mtu akinyamaza, vilevile. Na wewe ninayekuona ukichekesha mabweni, nasikia una kipaji, usikiache. Mimi mwenyewe sijaacha. Ila mtu akikuuliza habari ya jambo analolingoja, mpe ukweli kwanza, kicheko atakuja kukudai mwenyewe. Usimcheleweshe mtu kwa utani. Deni la kitu hulipika siku moja, lakini saa ya mtu ikishapita huna pa kuitoa.

Wazee wa kwetu wakibariki hutema mate kifuani. Nikikutemea mimi utakimbilia kwa prefekti, kwa hivyo baraka zangu zipokee kwa mdomo. Mikono yako iwe myepesi kuunda na mizito kunyang'anya. Walio wakubwa wako wacheke nawe kwa furaha, wasiwahi kujuta kwamba walicheka nawe. Na utakapoitwa, popote utakapokuwa, usikie upesi, na ufike ukiwa bado unangojwa. Sema amina, mwanangu, kisha ukafagie bweni, kengele imelia.