Karani wa Dirisha la Pili

Karani wa dirisha la pili katika benki yetu ya ushirika alikuwa na mazoea ya kupuliza muhuri. Akishagonga kitabu chako cha akiba, alikipuliza taratibu kama anayepoza maziwa ya mtoto, wino ukauke, ndipo akurudishie. Ijumaa ile alinisukumia pesa nilizokuja kuweka bila kunitazama. “Mtandao umekatika, kaka. Rudi nazo nyumbani.” Wa dirisha la kwanza alikuwa anapokea kama kawaida. Nilimfokea huyu wa pili mbele ya watu, nikamwita mvivu.

Jumatatu Benki Kuu iliifunga benki kwa kukaukiwa mtaji, ikabandika tangazo mlangoni. Nilimkuta karani yule nje, kwenye foleni ya wenye akiba, kitabu chake mwenyewe mkononi. “Zile pesa bado unazo, kaka?” aliniuliza. “Ninazo,” nilisema, nikasimama nyuma yake kwenye foleni.