Wifi Yangu Imenitoa Uchairman

Wifi ni yangu, lakini leo imenimaliza!

Mnanijua. Plot yetu yote, kila mpangaji, inakula mtandao kwa kompyuta yangu. Waya inaingia hapo, halafu kompyuta inawarushia majirani wifi mpaka kwa choo. Niliunganisha mwenyewe, na sikukanyaga darasa hata siku moja!

Leo asubuhi nikaizima kompyuta, ipumzike kidogo. Hata ng'ombe hupumzika.

Milango yote ikafunguka pamoja.

"Mzee, washa! Tuko kwa mkutano wa mtandaoni!" Huyo ni Mama Njeri, jirani.

"Mkutano gani, na chairman wa plot ni mimi?"

Akaficha simu nyuma ya mgongo.

"Mzee, pole. Tunachagua chairman mwingine."

Nikaiwasha.

Wakamaliza kupiga kura.

Sasa nyinyi, mngewasha?