Kilio Kilichoibwa Lindi

Wanaonishauri nimsamehe huwa nawauliza kwanza nimsamehe kosa gani, na hapo hukwama. Hakumpiga mtu, hakuvunja nyumba. Alichukua kilio cha mama yangu akakipeleka ng'ambo, na huko wakamfanya mwigizaji mkubwa.

Tulikuwa tunakaa Lindi, Kibera, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kaka yangu alikuwa fundi wa ujenzi, na akitoka kazini alikwenda kuigiza na kikundi chao katika ukumbi wa kanisa kule Kambi Muru. Walizunguka shule za sekondari wakiigiza vitabu vya mtihani. Rafiki yake mkubwa kikundini alikuwa kijana wa Kawangware, mrefu, mwenye sauti ambayo hata akiomba chumvi ungedhani anahubiri. Alikula kwetu kuliko alivyokula kwao.

Kaka alianguka kutoka ghorofa waliyokuwa wakijenga. Habari ilipoletwa, mchana, rafiki yake alikuwa kwetu akimngoja waende mazoezini. Mama alitoka nje, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kwa Kijaluo jinsi wanawake wa kwetu wanavyolia, kwa maneno, akimwita aliyekufa na kumlalamikia. Alimwambia kaka: umeniachia kiatu kimoja chini ya kitanda, kingine kiko kwa fundi, sasa nikakichukue nimvalishe nani? Ilikuwa kweli. Asubuhi ile kaka alikuwa amepeleka kiatu cha kushoto kikashonwe, akaenda kazini na viatu vya mpira, gambuti.

Kwetu mtu haachwi alie peke yake. Ukisikia kilio unaacha sufuria motoni, unakwenda, unalia naye, ndipo unauliza nani amekufa. Wanawake wa ploti nzima walikuja. Mimi nilimwona yule rafiki amesimama mlangoni, macho makavu, midomo ikicheza.

"Muone," mwanamke mmoja akasema, "anamwombea mwenzake."

Nilikuwa nimeiona midomo ile ikicheza vile mara nyingi mazoezini. Alikuwa anakariri.

Baada ya mazishi alipata safari ya kwenda kuigiza nje, na hakurudi. Nilipokuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, mhadhiri wetu wa tamthilia akatuletea kanda ya video ili tuone Mkenya aliyefika mbali. Alikuwa yule yule rafiki wa kaka, peke yake jukwaani, mikono kichwani, analia kwa Kijaluo. Maneno yalikuwa ya mama. Alichobadilisha ni kitu kimoja tu: pale mama aliposema "mwanangu," yeye alisema "mama." Kiatu alikiacha kama kilivyokuwa. Wazungu wakasimama kumpigia makofi. Halafu yakaja mahojiano, amevaa shati safi, akieleza taratibu kwamba mama yake alifia mikononi mwake katika mtaa wa mabanda, na kwamba hivyo ndivyo alivyomlilia.

Darasa nalo likapiga makofi. Nikainua mkono.

"Mwalimu, mama yake yuko hai. Anakaa Gatina, kule Kawangware, anafuma sweta za shule."

Wakacheka. Mhadhiri akasema, "Sanaa si hati ya kiapo, dada."

"Sawa. Na mahojiano? Pale hakukuwa na jukwaa."

Akaangalia saa yake.

Jioni nikamweleza mama. Alikuwa anachambua sukuma wiki.

"Alitaja kiatu?" akauliza.

"Alitaja."

Aliendelea kuchambua, na baadaye nikaona kwamba majani aliyatupa na vijiti ndivyo alivyoweka kwenye sufuria. Siku hiyo nilijua ninachotaka. Radhi ya yule jamaa haikuwa na kazi kwangu. Mtu wa kazi ile angeniomba radhi vizuri sana. Nilitaka alie kilio kile mbele ya mtu anayeweza kumuuliza maswali.

Nafasi aliileta mwenyewe. Alirudi Nairobi na wageni wake, na ikatangazwa kwamba ataigiza mara moja tu "kwa watu wake," katika ukumbi ule ule wa Kambi Muru. Nikaenda Gatina. Mama yake alikuwa kwenye mashine yake ya kufuma, ukutani picha ya mwanawe aliyoikata gazetini.

"Alikuja juzi," akaniambia, "akaniletea shuka nzuri. Kuhusu mchezo wake akasema nisijisumbue, Kibera kuna matope."

"Alikuwa anakuonea huruma tu, mama. Utakosaje, na wote tutakuwepo?"

"Nivae ile nguo ya kanisani?"

"Vaa hiyo hiyo."

Kwetu kumlilia mtu aliye hai ni kumwitia kifo. Mimi siamini jambo hilo. Nimelipindua huku na huku, nimewauliza wazee, sijapata ushahidi. Lakini mama yake aliamini, na mwanawe pia, ingawa alikuwa amesahau, na mimi sikuhitaji zaidi ya hapo.

Siku ya mchezo nilimketisha safu ya pili, nyuma ya mzungu mnene, asionekane kutoka jukwaani. Mama yangu mimi alikataa kuketi mbele. Alisimama nyuma karibu na mlango, amejifunga leso.

Jamaa akatoka. Siwezi kusema uongo, alikuwa hodari. Alichekesha watoto, akaigiza chifu, akaigiza askari. Kisha akanyamaza, akaweka mikono kichwani, akaanza.

Ng'ambo watu walikuwa wakikaa kimya wakimsikiliza. Lakini hapa alikuwa analia mbele ya wanawake wa Kibera, na wanawake wa Kibera hawasikii kilio wakakaa. Alipofika neno la tatu, mmoja alishainuka na kupiga ukemi. Wa pili akafuata. Wakasogea mbele wakilia naye, na nikamwona anafurahi, akadhani amewashika. Akapandisha sauti. Akafika kwenye kiatu.

Hapo yule wa mbele, muuza samaki wa omena aliyemjua tangu siku zake za kuja kula kwetu, akafuta macho na kuuliza kama inavyoulizwa:

"Nani amekufa, mwanangu?"

Angeweza kutoka ndani ya mchezo. Hakutoka. "Mama yangu," akajibu kwa sauti ile ya mahubiri.

"Yupi? Wa Gatina?"

"Ai, si namwona hapo na sweta ya bluu?" mwingine akasema.

Kilio kikakatika. Mzungu mnene akageuka kutazama nyuma, na mama yake akaonekana. Alisimama polepole, mkoba wake kifuani.

"Unanililia mimi?"

Akashusha mikono kutoka kichwani.

"Maliza basi. Umeshaanza. Nataka kusikia nilikufaje."

Alitazama pembeni kama mtu anayengoja kukumbushwa maneno.

"Na kiatu," mama yake akaendelea, "mimi nilipeleka kiatu gani kwa fundi?"

"Ni cha mtoto wangu," mama akasema kutoka mlangoni. Hakupaza sauti. "Cha kushoto."

Watu wote wakageuka kumtazama. Wageni wa jamaa, ambao hawakuelewa neno hata moja, wakasimama na kupiga makofi.

Nilimsindikiza mama yake mpaka barabarani. Hakulia. Aliniuliza kama nilijua, nikamwambia ndiyo.

"Kwa hiyo wewe, nyara, umenileta kwa matanga yangu mwenyewe."

Aliniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Lakini nimejiuliza mara nyingi, kwa uaminifu, kama siku ile ikirudi ningemwacha Gatina na mashine yake. Ningemchukua tena, na ningemketisha safu ya kwanza.

Mwanawe alirudi ng'ambo kabla wiki haijaisha. Kilio kile hakukilia tena jukwaani, nimewauliza wanaofuatilia. Aliingia kwenye sinema na jina lake likakua. Kila filamu yake ikifika mjini nalipa kiingilio, naketi mbele kabisa na kungoja. Anakasirika vizuri, anapenda vizuri, anakufa vizuri. Ila hadithi ikifika mahali ambapo lazima alie, kamera huonyesha mgongo wake, au dirisha, au mvua. Inawezekana ni mtindo wa wakurugenzi wa siku hizi. Nimelifikiria hilo pia. Kisha nakwenda nyumbani namweleza mama, naye anauliza lile lile kila mara: "Alilia?"

"Hakulia."

"Haya," anasema, na kunipakulia chakula.