Mkwaju wa Kinyozi wa Kinondo

Nywele zako zikishanyolewa huenda wapi?

Hujui, kubali tu. Unanyanyuka kitini, unajipangusa shingo, unajitazama kiooni mara ya mwisho, unaenda zako. Sehemu yako imebaki kwenye sakafu ya mtu mwingine na wewe hata hugeuki nyuma.

Kinondo hakuna mtu mzembe namna hiyo. Kule nywele ni mtu mwenyewe. Zikipeperuka ovyo zikaokotwa na mwenye nia mbaya, aliyenyolewa atahangaika na kichwa chake mpaka achoke. Kwa hiyo kila anayeketi kwenye kiti cha Mwero kinyozi, hata kabla ya habari za mpira, humwuliza, "Zangu utazipeleka wapi?" Naye Mwero hujibu jibu lile lile tangu alipofungua kibanda: "Nitazizika, na hakuna atakayezifukua."

Anazizika wapi? Hilo hakuna aliyewahi kumwuliza.

Kibanda chenyewe kiko kando ya barabara: kiti kimoja, benchi moja, kioo chenye ufa, na mlangoni, juu ya matofali, mkwaju. Si mche. Ni mkwaju mzima, wenye shina lililokunjamana kama goti la mzee, matawi yaliyotanda, vivuli na yote, ila kimo chake hakipiti dhiraa moja. Ulitokana na kokwa aliyoitema Mwero ndani ya kopo, ya ukwaju alionunua sokoni kule Taru mwaka ule alioanza kazi. Ulipochomoza na kutawanyika huku na huku, mkono ulimwasha. Kinyozi hawezi kukaa siku nzima na kichwa kilichotimka mbele yake. Akauchukulia mkasi. Ulipotaka kuegemea ukutani, akaufunga matawi kwa vitambaa vya kaniki, kwa sababu aliwahi kujaribu waya na jua likaupasha moto mpaka gome likaungua. Kopo lilipoliwa na kutu, akachukua kaango la udongo la mkewe. Tangu siku hiyo Hafsa anapika samaki wake kwenye sufuria, na kila akipakua husema, "Kula, mume wangu. Ladha imebaki kibandani."

Miaka kumi na minane ikapita hivyo. Mwero hakujua kwamba kitu hicho kina jina, mpaka siku Philister alipokuja kupunguzwa nywele. Philister ni mwenyeji wa Siaya, anatunza bustani za hoteli moja ya Diani.

"Mwero, si hii ni bonsai!"

"Huo ni mkwaju, dada."

"Nakwambia ni bonsai. Wiki ijayo tuko na kongamano pale kwetu, siku mbili. Watu wanatoka Nairobi, wengine ng'ambo, na vimiti vyao kwa vyungu. Kuna maonyesho, kuna warsha, kuna fundi wa kuonyesha vile inafanywa. Hii yako itawamaliza!"

"Na getini wataniruhusu?"

"Geti niachie mimi."

Swali la geti halikuwa mzaha. Mwero alijifunza kuogelea mbele ya hoteli ile ile, kabla haijawa na ukuta. Leo mtu anaulizwa anakwenda wapi juu ya mchanga aliotambaa akiwa mtoto, na anayemwuliza ni mlinzi aliyefika Ukunda mwezi uliopita. Jambo hili halina budi kubadilika, na litabadilika. Mabadiliko hayasubiri hotuba. Jumamosi ya kongamano yaliingia kwa mlango wa mbele, yamevaa kanzu ya Idi na kukumbatia kaango.

Ukumbini Mwero alisahau kupumua. Meza ndefu zimetandikwa vitambaa vyeupe, na juu yake msitu ambao mtu angeweza kuupita kwa hatua moja: mivinje iliyoinama kana kwamba inapigwa na upepo, migunga ya bara yenye vichwa bapa, misonobari ya kizungu iliyoning'inia nje ya vyungu vyake. Watu walitembea kimya wamefunga mikono nyuma, kama wako msikitini. Judy, msichana aliyekuwa akipanga maonyesho, alimpa nafasi kati ya mgunga na mtini. Alimwuliza maswali mawili matatu, kisha akaandika kadi: *Mkwaju. Kinondo. Miaka 18.* Philister akaupiga picha, furaha ikamjaa, akaituma kwenye kundi la simu la majirani. Akaenda kumwagilia maua yake.

Jukwaani alikuwa Enos, fundi wa miti hiyo, mtu mnene mwenye aproni na sauti ya upole. Aliushika mvinje mbichi, akauviringishia waya, akaanza kuukunja shina kidogo kidogo. Mti ukalia kru.

"Pole pole, utamvunja shingo!" Mwero alipiga kelele.

Watu wakaangua kicheko. Enos naye alicheka. "Mzee wangu, wewe unafanya kazi gani?"

"Kinyozi."

"Ndiyo maana! Njoo hapa mbele, tumwone mtoto wako."

Mkwaju ukaletwa. Enos aliuzunguka mara mbili, akausifu mpaka masikio ya Mwero yakapata moto. Kisha akabonyeza udongo kwa kidole, na uso wake ukabadilika. "Mara ya mwisho uliutoa chunguni lini?"

"Niutoe uende wapi?"

Kicheko tena. Lakini Enos hakucheka. Alimweleza kwamba mizizi imejisokota mpaka imejinyonga, maji hayapenyi tena, na majani ya chini yalikuwa yameanza kusinyaa. Kiangazi kinachokuja hautakivuka. Dawa ilikuwa ndogo: warsha ya mchana ni ya mizizi, wautoe, wapunguze, waurudishe na udongo mpya.

"Hautoki," Mwero alisema.

"Mzee, utakufa."

"Nimesema hautoki." Akaushika ukingo wa kaango kwa mikono miwili.

Kwa sababu humo ndimo alimozika. Kila jioni kwa miaka kumi na minane alifagia sakafu, akachimba kishimo kwa ncha ya mkasi, akashindilia nywele za siku hiyo, akafunika. Aliona ni mahali pazuri kuliko pote: mbele ya macho yake mchana, ndani ya kufuli usiku, na mti unashukuru. Hakumdanganya mtu. Lakini aliwaahidi watu kwamba hakuna atakayezifukua, na sasa fundi wa Nairobi anataka kuipindua Kinondo nzima juu ya kitambaa cheupe mbele ya wageni na kamera zao.

Alikuwa bado ameshikilia kaango pale kelele ziliposikika mlangoni.

"Msitu hauombi kadi ya mwaliko! Nipishe!"

Alikuwa Ramadhani. Kila mtu Kinondo anamjua kwa ndevu zake, anazozipaka hina mpaka zikawa nyekundu kama pilipili iliyoiva. Hakuna mwingine mwenye ndevu hizo. Kazi yake ni kuwapeleka wageni Kaya, msitu mtakatifu wa kijiji. Huwafunga kaniki kiunoni, kisha huwaambia sharti: humo hakitoki kitu, si jani, si kijiti. Wiki ile alikuwa amepata mjukuu wa kwanza na alipaswa kuwa na furaha. Badala yake alikuja anahema, simu mkononi, na wanaume wengine wawili nyuma yake.

"Shikamoo, Mzee Ramadhani," Mwero alisema.

"Shikamoo yako sitaki! Umeuza Kaya, Mwero!"

"Mimi?"

"Tazama!" Akamsogezea simu usoni. "Mti umefungwa kaniki. Umewekwa mezani hotelini. Na umeandikwa Kinondo! Kijiji kizima kinauliza kinyozi ameingia Kaya usiku gani."

"Mzee, mti huu unauona kila ukija kunyolewa!"

"Ninaona majani. Nitajuaje ulikoanzia? Mimi hukaa kwenye kiti chako nimefumba macho, unanipitishia wembe kooni!"

Mmoja wa wale wawili akadakia, "Na kaniki je? Kaniki ya nini kama si ya Kaya?"

Mwero akaeleza habari ya waya na jua. Akaeleza habari ya kokwa ya Taru. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia kama mtu anayetunga. Ramadhani akatoa hukumu: mti urudishwe Kaya leo hii, na kama hataki, hakuna kichwa cha Kinondo kitakachokaa tena chini ya mkasi wake.

Hapo mambo yalikuwa wazi kama mchana. Akinyamaza, ni mwizi wa Kaya, na mkwaju utakwenda msituni ukafe kwa kunyongwa na mizizi yake. Akisema, ataonekana ameanika nywele za watu aliowaapia. Njia zote mbili zilielekea kwenye kiti kitupu. Mwero akautazama mti. Ulikuwa umemvumilia miaka yote hiyo bila kusema neno.

"Enos," alisema, "utoe."

Enos alipitisha kisu ukingoni, akalegeza, akavuta. Mzizi ukatoka na umbo la kaango, mweusi, umeshikana kama mswaki wa zamani. Enos alianza kuuchambua kwa kijiti. Mara mkono wake ukasita.

"Hii ni nini? Manyoya?"

"Nywele," Mwero alisema. "Nywele za Kinondo. Kila aliyekaa kwenye kiti changu yumo humu. Mti wa Kaya ungekuwa na nywele zenu ndani yake?"

Watu wakasogea kutazama. Zilikuwepo nyeusi, zilikuwepo za kijivu, zimesukwa na mizizi kama mkeka. Na katikati, juu juu, kimejikunja kifungu cha nywele nyekundu kama pilipili iliyoiva.

Mwenzake Ramadhani akaangalia mzizi, akaangalia ndevu, akaangalia mzizi. "Ami Ramadhani," alisema taratibu, "wewe umeingia Kaya lini ukaota mzizi?"

Kicheko kilichofuata kiliwaleta wapishi kutoka jikoni. Ramadhani peke yake hakucheka. Mama mmoja wa kizungu alikuwa amenyoosha kidole kutaka kuzigusa zile nyekundu.

"Asiguse mtu!" Ramadhani alinguruma, akajitupa mbele ya meza na mikono wazi. "Zangu hizo! Rudi nyuma, mama! Hakitoki kitu hapa, si unywele, si nusu unywele!"

Na hapo ndipo warsha ya mizizi ilipopata mlinzi. Enos akikata mzizi, Ramadhani anaudaka. Unywele ukianguka kwenye kitambaa cheupe, anauokota kwa kucha na kuutia ndani ya kofia yake. Alimwinamisha Judy atazame chini ya meza. Mtu mmoja alipopiga chafya karibu, alifokewa kama mwizi. Enos alipoanza kuurudisha mkwaju kwenye kaango na udongo mpya, Ramadhani aliimimina kofia yote chini ya mizizi, akapigapiga juu kwa kiganja. Watu wakampigia makofi, naye akajifanya hayasikii.

Walirudi Kinondo kwa tuktuk moja, kaango likiwa mapajani pa Ramadhani kwa sababu alikataa kumpa mtu mwingine. Walipokaribia nyumbani akauliza bila kugeuza uso:

"Na za marehemu baba?"

Mzee Matano, babake, alinyolewa na Mwero kila Alhamisi mpaka wiki aliyofariki.

"Zimo, Mzee. Zote."

Ramadhani alimkabidhi kaango, akashuka, akaenda bila salamu. Mwero akamweleza Hafsa yote. Hafsa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka alipouona uso wa mumewe. Kinyozi asiyeagana na mteja wake mkubwa hajui kama kesho ana kazi.

Asubuhi iliyofuata Mwero alikuta mtu amemtangulia kibandani. Ramadhani alikuwa benchini amevaa kofia nyingine, safi, na kando yake alikaa bintiye Ummi na kichanga ndani ya leso.

"Leo ni siku ya saba," Ramadhani alisema. "Mnyoe."

Mwero alinawa mikono, akafungua wembe mpya, akaanza. Mtoto alipiga mwayo mmoja tu. Vinywele vilianguka kwenye kiganja cha Ummi, vyepesi kama usufi, na vilipokwisha, Mwero akanyoosha mkono kuvipokea kama kawaida yake.

"Hapana," Ramadhani alisema. "Hivi nazika mwenyewe."

Akainama mbele ya kaango. Akauchunguza udongo mpya kushoto na kulia. "Baba yuko upande gani?"

"Pande zote."

Alichimba kwa kidole, akavitia, akafunika, akamwagia maji kidogo kutoka kwenye birika la Mwero. Alikaa amechuchumaa muda kidogo, midomo ikimchezacheza. Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akavua kofia, akakaa kitini na kuinua kidevu.

Ng'ambo ya barabara wale wanaume wawili wa jana walikuwa wamesimama tangu alfajiri wakijifanya wanasubiri tuktuk. Tatu zilikuwa zimeshawapita tupu. Kifungu cha kwanza cha ndevu nyekundu kilipoanguka sakafuni, wakavuka barabara, wakasalimu, wakakaa benchini.