Kamusi Haikufika Silanga

Nakumbuka siku moja Haboba, ndivyo sisi Wanubi wa Kibera tunavyomwita nyanya, alinituma nimtafutie neno kwenye kamusi. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Afisa wa ardhi alikuwa amepita kwetu Silanga, akatuita maskwota, akaenda zake.

Kamusi yetu ya Kiingereza ilikaa rafuni karibu na Msahafu, nayo imefungwa kitambaa. Basi mimi, mwanangu, nikatawadha kwanza. Nikaifungua, nikasoma kwamba skwota ni mtu anayekaa kwenye ardhi isiyo yake bila ruhusa. Nilichanganyikiwa. Babu yangu alipewa pale mahali kwa kuwa askari wa Mzungu, na kitabu, nilivyoamini, hakisemi uongo. Nikamwambia Haboba kwa sauti ndogo kwamba labda sisi ni maskwota kweli.

Alikuwa akisuka tabaka, kile kifuniko chetu cha chakula, wala hakuinua macho.

"Hao watu wa hiyo kitabu, walikuja hapa Silanga kuniuliza?"

Nikapiga mguu hadi Riruta Satellite kwa mwalimu wangu wa zamani. Alicheka niliposema nimetawadha. Usione vyaelea, akasema, vimeundwa. Kamusi za kwanza za Kiingereza zilikuwa vijitabu vya maneno magumu tu, kwa wasiojua Kilatini. Baadaye wakaja watu waliookota sentensi vitabuni, ili kuonyesha kila neno linavyotumika. Baadaye tena, wasomaji wa kawaida wakatuma vikaratasi vya sentensi kama hizo kwa posta, magunia kwa magunia.

"Kamusi si hakimu," akasema. "Inakuambia tu venye watu wameandika."

"Na wale hawajaandika?"

Mwalimu akapangusa miwani yake, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nilirudi nimechanganyikiwa zaidi, maana sasa sikuona nani mwongo, kitabu au Haboba, na nyumba yetu bado ilikuwa hatarini. Haboba hakushangaa. Afisa aliporudi, alimkaribisha mkekani, akamhesabia wazee wetu waliozikwa Kibera, jina kwa jina. "Andika na hiyo," akamwambia. Afisa aliandika kidogo, akaondoka. Nyumba ilibaki. Hati hatukupata.

Mwanangu, kitabu kiheshimu, lakini kiulize kilimsikiliza nani. Na lako liandike mwenyewe, kwani asiyekuwapo na lake halipo. Mimi ni mzee sasa, na kila nikiona kamusi mpya nalitafuta neno lile, nione kama wamemsikia Haboba. Bado. Mungu akujalie kalamu isiyokauka, na umri wa kutosha kumwandika.