Siku Tuliyopotea Huku Tukiiona Bahari

Alhamisi, mwezi wa Aprili. Mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri, ikakatika adhuhuri, jua likatoka la uvivu.

Jirani kaniletea kibaba cha chumvi ya mawe, bado mbichi. Nimeinusa: matope ya mikoko na jua kali. Shule niliishia darasa la nne, na sina hakika kama haya yanafaa kuandikwa, lakini harufu ile imenikaa puani. Basi nisikilizeni.

Nilikuwa na miaka minane au tisa, miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Baba alikuwa fundi cherahani, akishonea barazani kwetu Bagamoyo. Zamani zile mama hatoki bila ruhusa, na ruhusa yenyewe ina jina la mahali: ukisema Zinga, ni Zinga, kisha nyumbani. Nisimsingizie baba. Hakuwa mkali, na mkono hakuinua. Nyumba zote za mtaani zilikwenda hivyo. Ila aliyerudi na maelezo yasiyonyooka, ruhusa ya pili haipati kirahisi.

Siku ile tulikwenda Zinga kumjulia hali shangazi yake mama. Wakati wa kurudi basi halikuja, mama akasema tutembee. Mpaka hapo hakuna kosa. Hatujafika mbali, tukaona kijia kinachokata kulia kuingia mashambani. Mama akasimama.

"Hiki kinakwenda wapi?"

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui. Twende tukakiulize chenyewe."

Kikatupitisha kwenye mikorosho, kikafia kwenye zizi la mbuzi. Tukashika kingine, kwa kuwa kilikuwa na kivuli. Mama, ambaye nyumbani maswali yangu yalimchosha, sasa ndiye aliyeuliza: ndege yule nani, tunda hili linaliwa, moshi ule wa nani? Kwenye mikoko alilifunga buibui kiunoni, viatu mkononi, tukainama kuwatazama kaa wadogo wenye gando moja kubwa, wakitupungia kana kwamba wanatuagiza kitu mjini.

Mbele yetu palikuwa na mashamba ya chumvi. Bibi mmoja wa Kizaramo alikuwa akikwangua chumvi kwa ubao. Mama akamwamkia.

"Marahaba. Mmepotea?"

"Tumepotea, bibi."

"Mh! Mtu kapotea huku anacheka? Nyie wa mjini mmekimbia kupika."

Mama alicheka mpaka akachuchumaa. Sikuwahi kumwona akicheka vile. Bibi akatuonyesha bahari kwa kidevu, kana kwamba hatuioni, akasema tuiweke kulia tu mpaka kwetu. Tukaiweka kulia, lakini kila kijito tulikifuata kwanza kuona kinatoka wapi.

Tulifika jua likizama. Baba alikuwa amesimama barazani, cherahani keshaifunika.

"Tumepotea njia, Baba Hawa," mama akasema.

Baba akanigeukia mimi. "Mlipotelea wapi?"

Nilijua kuwa ruhusa ya mama iko mdomoni mwangu. Nikataka kumsaidia, na uongo nikauogopa, nikajibu upesi:

"Ufukweni, baba."

Mtu wa Bagamoyo apotee ufukweni! Bahari kulia, nyumbani mbele. Hata mbuzi wetu angefika. Mama alikuwa anaangalia miguu yake, matope yamemkaukia mpaka magotini.

"Njia ya mwongo ni fupi," baba akasema taratibu. Kisha akaketi kwenye kigoda chake cha kushonea. "Haya. Mliona nini?"

Mama alianza kwa woga. Baba akauliza: kaa hao rangi gani? Ubao wa bibi ni wa mti gani? Na kile kijia cha kwanza, mngekata kushoto kingewatoa wapi?

Kwa miaka mingi niliamini anatuhoji, aone kama maneno yetu yatapishana, nikajilaumu kwa lile neno langu moja. Mama alikaa miezi bila kwenda Zinga, na sijui kama ni kwa jibu langu au kwa mimba ya mdogo wangu. Alipoomba tena alipewa, na baba hakuuliza angerudi kwa njia ipi.

Leo nimewapita wote wawili kwa umri, na nadhani sikuelewa. Huenda nakosea hata sasa. Baba aliijua dunia kwa vipimo vya viuno na mabega ya wapita njia. Hakuwa na wa kumwomba ruhusa, na bado hakwenda popote.

Jioni ile hapakuwa na kilichopikwa. Tulikula mihogo ya kuchemsha, nazi ikakunwa haraka haraka, na baba alikula polepole, kila mara akisema, "Kisha? Kisha mkaenda wapi?"