Siku Tisa Tulizofunga Chemchemi

Jumamosi ile nilikuwa nimeinama kwenye chemchemi ya mtaa wetu, upande wa Rughenda, nikisugua mfereji kwa mchanga na kugombana na Masika. Alikuwa binti yangu wa kwanza, miaka kumi na moja, mdomo kama redio. Alitaka kwenda sokoni na shangazi yake, mimi nilitaka afue mashuka.

"Mama Kahindo, ile mashuka haitakimbia," alisema, akiniita kama wanavyoniita majirani.

Nilicheka, ningefanya nini? Kamati ya maji ilikuwa imenikabidhi ufunguo wa bomba, nami niliujivunia kuliko pete yangu ya ndoa.

Saa nne waasi walioshika mji walianza kuondoka, na wengine wakawa wanaingia. Tulishazoea mabwana kubadilika, lakini risasi hazizoeleki.

Tulilala sakafuni.

Zilipita juu ya mabati. Masika alinishika kidole kimoja.

Jioni kukatulia. Jirani yetu Paluku, fundi wa matofali, alikuja anahema. Alikuwa ameona askari watatu wanaotoroka wameinama kwenye chemchemi, na gunia.

"Bamemwaga magonjwa mu maji," alisema. "Ni silaha. Nilisikia ku redio, inaua batu bila risasi. Hapana mutu kunywa!"

Tuliogopa, nisidanganye. Lakini kwanza tulitaka uhakika, na kwetu uhakika ulikuwa karibu: kila jiko lilifuga kobayi, wale panya wadogo wanene wa kula majani, nyama ya wageni. Nilileta wangu wawili. Hawakutaka kunywa. Nikampanua mmoja mdomo kwa nguvu, Paluku akammiminia maji ya chemchemi kijiko baada ya kijiko. Akakohoa, akatikisika, akafa. Wa pili vilevile.

"Umeona?" Paluku aliuliza.

"Nimeona."

Nikafunga bomba mbele ya watu wote na kuuvaa ufunguo shingoni. Niliona nimeokoa mtaa mzima.

Tukaanza kuteka mtoni, chini ya bonde, chini ya vyoo vya watu. Niliwaambia wachemshe. Wachemshe na nini? Barabara zilifungwa, makaa hayakuingia mjini. Siku ya tano watoto wakaanza kuharisha maji matupu, meupe kama yaliyooshewa mchele. Tukasema, ah, ile sumu imeshafika hata mtoni. Nikakagua kufuli.

Siku ya saba ikampata Masika.

Nilimpa maji ya chumvi na sukari. Yalikuwa ya mtoni.

Macho yakaingia ndani. Ngozi ya mkono ukiivuta, inabaki imesimama.

"Mama, unipatie maji ya sursi," alisema, yaani ya chemchemi yetu. "Kidogo tu."

"Hapana, binti yangu. Iko na sumu."

Hakubishana. Masika, ambaye alimbishia hata baba yake, hakubishana. Alikufa asubuhi ya siku ya nane, kengele ya misa ikilia. Tulimzika haraka, bila matanga, kwa sababu watu waliogopa kukusanyika.

Kesho yake barabara ya Beni ikafunguka, akafika muuguzi mmoja na dawa. Aliuliza kwa nini bomba lina kufuli. Nilimweleza habari ya kobayi, neno kwa neno, na hata nikamwonyesha namna nilivyowashika. Alikuwa kijana mpole.

"Lakini, mama, kobayi hapana kunywa vile. Maji iliingia mu mapafu. Hata maji ya ubatizo ingemuua."

Tulitafuta lile gunia la askari kwenye nyasi za chemchemi. Gunia lilikuwepo. Ndani mlikuwa na mashati mawili ya askari yaliyofuliwa nusu na kipande cha sabuni.

Paluku aliketi chini akashika kichwa. Hadi leo tukikutana sokoni ananisalimu akiangalia pembeni. Mimi simlaumu. Vita ilikuwepo kweli, askari walikuwepo kweli, na hofu yetu haikutoka hewani. Lakini mkono uliofunga bomba ulikuwa wangu.

Muuguzi aliniomba nifungue. Watu walisimama mbali, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Nikakinga kikombe, nikanywa chote, nikasubiri. Nilitamani tumbo linikate, ili iwe kweli kwamba nilimnyima mtoto wangu sumu.

Halikukata. Yalikuwa maji mazuri.